Kabla ya kudai asilimia, hesabu walioko zamu

Mkataba wetu mpya wa hali bora, kati ya chama cha wafanyakazi na kampuni, umesainiwa mwezi uliopita, na tangu habari zisambae napokea ujumbe mwingi kutoka kwa mafundi wa ndege, hasa vijana. Mmoja, ambaye kwao bado hawajasaini, yumo kwenye kamati ya majadiliano kwa mara ya kwanza. Aliuliza: "Kaka, uongozi umetupa nyongeza nzuri ya mshahara, ila wanataka suala la idadi ya watu kwenye zamu tuwaachie wao. Tusaini?" Nilimjibu kwa neno moja: msisaini. Naeleza sababu hapa kwa kirefu, maana sote tunaoshika spana tunataka kustaafu tukiwa na leseni safi na afya njema.

Nilipoingia kwenye kamati kwa mara ya kwanza, mimi ndiye nilikuwa mdogo kuliko wote mezani. Nilipendekeza kifungu kimoja tu: zamu ya usiku isipungue idadi fulani ya mafundi wenye leseni. Mzee mmoja wa chama, upande wetu, aligeuka mbele ya wawakilishi wa kampuni akasema, "Kijana, watu wanakula mshahara, hawali zamu." Meza nzima ikacheka. Miaka imepita na kicheko kile bado kinaniuma, kwa sababu nilijua kinachokuja. Nyongeza ikasainiwa, tukapigiwa makofi hanga zima. Baada ya hapo waliostaafu hawakujazwa nafasi zao. Waliohamia kampuni nyingine, vivyo hivyo. Mwishowe usiku ukabaki na fundi mmoja wa leseni ya B1, anayebeba injini, bodi na umeme, na mwenzake wa B2, wa avioniki yaani vifaa vya kielektroniki vya ndege, akiwa nyumbani anasubiri kupigiwa simu. Ile nyongeza ikawa malipo ya kufanya kazi ya mtu aliyeondoka.

Ndugu yangu, elewa unachouza. Fundi wa ndege hauzi saa zake peke yake, anauza sahihi. Ukisaini hati ya kuirudisha ndege kazini, umesema mbele ya sheria kwamba kazi imefanywa kama kitabu cha matengenezo kinavyotaka. Leseni imeandikwa jina lako. Kikitokea kitu, mpelelezi haanzi na mkurugenzi wa fedha aliyefuta nafasi mbili za zamu. Anafungua kumbukumbu za ndege na kutafuta nani alisaini.

Soma ajali ya British Airways safari namba 5390, tarehe 10 Juni 1990. Kioo cha mbele upande wa kapteni kiling'oka ndege ikiwa angani, na Kapteni Tim Lancaster akavutwa nje nusu mwili. Wafanyakazi wenzake walimshikilia mpaka ndege ikatua Southampton, na akapona. Kioo hicho kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla ya safari. Kati ya bolti 90 zilizokishikilia, 84 zilikuwa na kipenyo kidogo kuliko kinachotakiwa, na 6 zilizobaki zilikuwa fupi. Watu wengi husimulia habari hii wakiishia kwenye bolti. Mimi naomba usome sehemu ya zamu: ilikuwa usiku, watu walikuwa pungufu, na msimamizi wa zamu akaifanya kazi hiyo mwenyewe. Bolti alizichagua kwa kulinganisha na za zamani kwa macho, kwenye mwanga hafifu, na kazi yenyewe haikutakiwa kukaguliwa na mtu wa pili. Alikuwa fundi mzoefu aliyetaka ndege itoke asubuhi. Mimi namfahamu mtu huyo, nimefanya kazi naye katika kila hanga nililopita, na wewe pia unamfahamu.

Sasa tulishindaje kwenye mkataba huu mpya? Hatukupiga kelele. Tuliomba karatasi. Kanuni za Ulaya za Part-145, zinazohusu karakana za matengenezo ya ndege, ambazo mamlaka nyingi za usafiri wa anga zina kanuni zinazofanana nazo, zinaitaka karakana iwe na mpango wa saa-kazi unaoonyesha kwamba ina watu wa kutosha kwa kazi iliyojipangia. Mpango huo upo kwenye kompyuta ya mtu fulani ofisini. Tuliuomba kwa barua ya chama, tukauweka pembeni ya ratiba halisi za zamu, tukajumlisha saa zinazohitajika kwenye kadi za kazi (karatasi za kila kazi ya matengenezo) upande mmoja na saa za watu waliokuwepo kweli upande wa pili. Watu wa likizo, watu wa mafunzo na wagonjwa walikuwa wamehesabiwa kana kwamba wako kazini! Niliisoma hesabu ile mstari kwa mstari. Safari hii hakuna aliyecheka. Kifungu nilichokipendekeza zamani sasa kimo kwenye mkataba, kikiwa na nyongeza muhimu: idadi isipotimia, kazi inaahirishwa, na fundi aliyekataa kusaini haadhibiwi. Najivunia kifungu hicho kuliko cheo chochote nilichopata.

Kwa hiyo hesabu walioko zamu. Hesabu wenye leseni peke yao, kisha wenye idhini ya aina ya ndege mliyonayo, maana leseni ya B1 bila idhini ya aina haisaini ndege kubwa.

Wapo watakaokuambia mgome. Mgomo ni haki na mahali pengine ndiyo njia pekee, lakini jifunze kwanza kwa wenzetu wa Northwest Airlines nchini Marekani. Agosti 2005, mafundi na wasafishaji wapatao 4,400 wa chama cha AMFA waligoma kupinga kukatwa mishahara na kupunguzwa kwa karibu nusu ya nafasi. Kampuni ilikuwa imeshaandaa watu wa kuziba nafasi zao, marubani na wahudumu wakaendelea kuruka, na wengi wa waliogoma hawakurudi kamwe. Upande wa pili, mafundi wa Southwest, shirika jingine la ndege la Marekani, walikaa mezani tangu 2012 hadi 2019 kabla ya kupata mkataba. Miaka karibu 7! Chama kisicho na subira na kisicho na marafiki kwenye vyama vingine kisitaje neno mgomo.

Na jambo moja nalisema kwa ukali: daftari la ndege lisiwe silaha ya majadiliano. Hitilafu iandikwe kwa sababu ipo, wiki ya vikao na wiki isiyo na vikao. Siku utakapoandika hitilafu ili kuwabana wakubwa, hakuna atakayekuamini tena, hata utakapokuwa unasema kweli.

Yapo pia mambo ya leseni yanayosahaulika. Posho ya leseni ipiganiwe iingie kwenye mshahara wa msingi, kwani pensheni nyingi hupigiwa hesabu kwa mshahara huo, na posho hufutwa kwa barua ya ukurasa mmoja. Kozi ya aina ya ndege ikija na bondi, yaani sharti la kuirudishia kampuni gharama ya kozi ukiondoka mapema, deni lipungue kila mwezi unaofanya kazi, na lifutike kampuni ikikuachisha. Kanuni za Ulaya zinataka uwe na uzoefu wa miezi 6 ndani ya miaka 2 iliyopita ili uendelee kusaini, na mafundi wa Marekani wana sharti la namna hiyo hiyo. Hivyo wawakilishi wa chama wanaotolewa hanga kwenda ofisini waandikiwe haki ya kurudi kwenye ndege mara kwa mara. Nimeona mwakilishi hodari akimaliza muhula wake hana tena sifa ya kusaini.

Halafu kibali cha kampuni. Leseni hutolewa na mamlaka, lakini kibali cha kusaini ndani ya karakana hutolewa na kampuni, na kampuni yaweza kukichukua. Mwenzangu alinyang'anywa chake wiki moja baada ya kukataa kusaini ndege irudi kazini, bila kuitwa wala kuulizwa. Dai iandikwe kwamba kibali hakiondolewi bila sababu kwa maandishi, bila kikao na idara ya ubora, na bila mwakilishi wa chama kuwepo. Wakikuambia hayo ni mambo ya ndani ya idara ya ubora, waombe waingize jibu hilo kwenye muhtasari wa kikao, neno kwa neno.