Siku ya mapumziko ni yako: nilivyoutembea mji wa Hamburg kwa tiketi ya mwezi

Wiki iliyopita niliandikiwa na msomaji mmoja wa Moshi ambaye sasa anajitolea katika shule ya chekechea huko Ujerumani. "Dada shikamoo. Siku za kazi naziweza. Jumamosi na Jumapili ndizo zinazonimaliza. Posho ndogo, rafiki sina, nalala na simu mpaka giza linaingia. Wewe uliwezaje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu hauko peke yako. Tangu weltwärts, mpango wa Ujerumani wa vijana wanaojitolea, ulipoanza kuwapokea vijana wa kutoka kwetu mwaka 2013, wengi wamekwenda, na wengi wamerudi wakiujua mji waliokaa kwa njia moja tu: ile ya kutoka kitandani hadi kazini. Mimi nilikataa. Nalisema hili kwa fahari, na nitakueleza nilivyofanya.

Nilijitolea Hamburg, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kazi yenyewe sitaieleza sana, maana unaijua: kuamka usiku, kuogesha, kulisha, kusukuma viti vya magurudumu. Ninachotaka ukijue ni Jumamosi zangu.

Jumamosi niliyoipenda kuliko zote ilianzia Landungsbrücken, kwenye magati ya abiria kando ya mto Elbe. Nilibeba chapati mbili, mayai ya kuchemsha na chupa ya maji ya bomba (maji yao ya bomba yanakunywika, usinunue). Nilianza na handaki la zamani linalopita chini ya mto. Lilifunguliwa mwaka 1911 ili wafanyakazi wa bandari wavuke kwenda upande wa pili, lina urefu wa mita 426, na kwa mtembea kwa miguu ni bure. Unashuka mita 24, unatembea kwenye vigae vyeupe vilivyonakshiwa samaki na viumbe wa majini, na juu ya kichwa chako meli zinapita. Ukitokea upande wa pili unaugeukia mji na kuuona wote umejipanga mbele yako. Nilikaa pale muda mrefu. Hakuna aliyeniuliza nafanya nini.

Nikarudi, nikapanda kivuko namba 62 kinachokwenda Finkenwerder. Sikiliza vizuri hapa: watalii wanalipa pesa nyingi kwa boti za kutembezwa bandarini, ilhali kivuko hiki ni usafiri wa umma, kama basi. Tiketi ya mwezi uliyopewa kwenda nayo kazini inakutosha. Panda juu kwenye sitaha, simama upande wa mbele, upepo ukupige. Nilishuka kituo cha Neumühlen, nikatembea mpaka ufukwe wa Övelgönne. Ni mchanga hasa, na ng'ambo ya mto makreni yanapakua makontena. Hapo ndipo nilipokula chapati zangu.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimekua nikiiangalia bandari yetu, na nimelelewa na babu aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Basi nikiwa nimekaa kwenye ule mchanga nikakumbuka kwamba miche ya kwanza ya mkonge, ile aliyoagiza Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893, ilipitia bandari hii hii ya Hamburg. Iliagizwa elfu moja, ikafika Tanga 62 tu ikiwa hai. Kutokana na hiyo 62 ndipo yalipotoka mashamba yaliyomlisha babu yangu na kumvunja mgongo. Ukiijua historia ya namna hiyo hujioni tena mgeni wa kuhurumiwa. Unajiona una dai katika mji ule.

Mchana nikapanda treni ya S1 moja kwa moja hadi Ohlsdorf. Huko kuna makaburi yenye ukubwa wa hekta 389, yana miti mirefu na mabwawa, na mabasi yanapita ndani yake. Watu wanakwenda kutembea kama bustanini. Mimi nilikwenda kwa ajili ya mtu mmoja: Bibi Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar. Niliuliza langoni, wakanionyesha kwenye ramani, nikatembea.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Alijifunza kuandika kwa siri, akitumia mfupa wa bega la ngamia kama ubao. Akampenda mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, akaondoka Zanzibar mwaka 1866 kwa manowari ya Waingereza, akabatizwa na kuolewa Aden, akaletwa kwenye baridi hii. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akaachwa na watoto watatu wadogo katika nchi ambayo hata lugha yake alikuwa bado anajifunza. Alifariki mwaka 1924 mjini Jena, akazikwa Ohlsdorf pamoja na mchanga wa Zanzibar alioutunza miaka yote ile. Simfanyi malaika, katika kumbukumbu alizozichapisha mwaka 1886 aliutetea utumwa, na hilo halisameheki kirahisi kwa sisi tuliotoka upande wa waliotumikishwa. Hata hivyo nilisimama pale nikamsomea Fatiha, ingawa alikufa Mkristo, kwa sababu moyo wangu ulitaka hivyo. Nikalia. Nilikuwa na miezi mingi sijalia.

Hiyo ndiyo siku yenyewe: mahali pawili tu, mtoni na makaburini, na muda mwingi wa kukaa. Ushauri wangu wa kwanza ni huo. Usijaze siku. Mahali pawili panatosha, na kimoja kiwe kinakuhusu wewe na watu wako. Kila mji mkubwa wa Ulaya una kitu chetu, ukikitafuta. Wiki nyingine nilikwenda Speicherstadt, maghala ya matofali mekundu ambayo UNESCO iliyatambua mwaka 2015, yalikohifadhiwa kahawa, chai na viungo. Kwenye daraja la Kornhausbrücke nikamkuta Vasco da Gama amesimama kwa sanamu, yule yule tuliyemsoma darasani kwamba alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Nilimtazama usoni nikamaliza shauri langu naye, nikaendelea na safari.

Sasa niseme jambo ambalo bado linaniuma. Picha yangu nikiwa kwenye kivuko niliiweka kwenye kundi la ukoo. Ndugu mmoja mkubwa akaandika, "Wenzako wakienda Ulaya wanajenga, wewe unapanda boti." Wengine wakaweka vicheko. Nilikuwa nimetoka kwenye wiki nzima ya zamu, mikono imechubuka kwa sabuni, na posho ile baada ya chakula na vocha haikuacha kitu cha kujengea hata choo. Hakuna aliyeniuliza. Mama peke yake ndiye aliyenipigia akasema, "Tembea mwanangu, uje utusimulie."

Mdogo wangu, utaambiwa maneno hayo na wewe. Usiyaruhusu yakufungie chumbani. Kujitolea si kibarua cha kutafuta mtaji, na anayekudai nyumba kutokana na posho hajui ulikokwenda. Umekwenda kutumika na kujifunza, na mji ni nusu ya hayo mafunzo. Toka nje! Toka hata kama mvua inanyesha, na Hamburg mvua inanyesha kweli. Nilipokaribia kumaliza mwaka wangu, mratibu aliniomba niwatembeze vijana wapya waliofika. Niliwatembeza bila ramani, Wajerumani wawili wakiwemo, na mmoja wao mzaliwa wa mji ule hakuwa amewahi kuingia kwenye handaki.

Toka peke yako, hasa mwanzoni. Ukisubiri kundi likubaliane mtatoka saa nane mchana na kuishia kwenye duka la nguo. Jumapili maduka yanafungwa, kwa hiyo nunua chakula chako Jumamosi. Weka sarafu za choo mfukoni, maana vyoo vingi vya stesheni ni vya kulipia. Desemba jua linazama karibu saa kumi jioni, basi ondoka asubuhi, usingoje joto ambalo halitakuja. Na kile kitambulisho cha kujitolea ulichopewa usikiache kabatini: makumbusho mengi na mabwawa ya kuogelea yanapunguza bei kwa wanaojitolea. Kionyeshe dirishani kabla hujalipa, na kama hawajakiandika kwenye ubao wa bei, uliza.