Mashine ya kufyonza imeungua, ninunue ipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mashine yangu ya kufyonza vumbi na maji iliungua masika nikikausha baraza. Ninunue ipi? Nakaa Raskazone, mchanga hauishi, na uani mwarobaini unapukutisha majani. (Mama wa Raskazone, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulipofyonza maji, ulitoa mfuko wa karatasi ukaweka sponji? Mimi nilisahau, nikaua yangu, na ufundi ninao!

Dukani, fungua kichwa cha mota ukigeuze. Chini yake kuna boya dogo; pipa likijaa, hupanda na kuziba njia ya hewa, mota isinywe maji. Litikise kwa kidole: licheze. Nyumbani lioshe, maana mchanga wetu hulinatisha.

Pipa la lita 20 linakutosha. La 30 likijaa maji ni kilo 30, utalibeba na nani? Chagua la plastiki, lenye kizibo cha kumwagia maji chini. Upepo wa chumvi hula chuma. Mtumba wa Japani uogope: umeme wao ni volti 100, wetu 230.

Majani ya mwarobaini? Fagia kwa ufagio wa chelewa, mwanangu.