Umeme hutenganishaje seli hai na zilizokufa?

SWALI: Mhariri, ninasomea kazi za maabara mkoani Tanga. Mwalimu wetu alitueleza kwamba umeme unaweza kutenga seli hai na zilizokufa zikiwa ndani ya kimiminika kimoja. Ikiwa zote zina chaji hasi, umeme unazitofautishaje? Je, hauziui zilizo hai?

JIBU: Shaka yako ina msingi, kwani tungetegemea chaji hiyo pekee, zote zingekimbilia elektrodi chanya (elektrodi ni kipande cha metali kinachoingiza umeme kwenye kimiminika). Njia aliyoieleza mwalimu wako ni dielektroforesisi, jina lililotolewa na Herbert Pohl wa Marekani mwaka 1951. Mwaka 1966 yeye na mwenzake walionyesha kwamba seli za hamira zilizo hai zinaweza kutengwa na zilizokufa.

Hapa hutumika uga wa umeme, yaani eneo ambamo nguvu ya umeme huhisika, usio sawa kila mahali, ulio mkali karibu na ncha ya elektrodi na hafifu mbali nayo. Seli ikiwa humo, chaji zake hujigawa pande mbili, na kwa kuwa upande ulioelekea uga mkali huvutwa zaidi ya ule mwingine, seli nzima husogea. Umeme unaotumika ni mkondo geu, yaani ule unaogeuka mwelekeo tena na tena; unapogeuka, mgawanyo huo nao hugeuka, hivyo mvuto hubaki vilevile, ilhali ule unaotokana na chaji ya asili hufutika kwa kwenda na kurudi.

Utando wa seli hai huzuia chumvi, ambayo ndiyo hupitisha umeme, isitoke. Kwa hiyo, ndani ya maji ya sukari na kwa masafa ya mizunguko laki kadhaa kwa sekunde, seli hiyo hupitisha umeme vizuri kuliko maji yanayoizunguka, ikavutwa na kunasa kwenye elektrodi. Iliyokufa imekwisha kuvuja chumvi yake, nayo huchukuliwa na maji. Kwetu sisi tunaoishi na malaria, jambo hili lina uzito wa pekee: chembechembe nyekundu zenye vimelea nazo huvuja chumvi, na watafiti wamezitenga na zilizo nzima kwa njia hiihii.

Kuhusu kuua, uga ukizidi kiasi hutoboa utando, na maji yenye chumvi nyingi hupata joto. Ndiyo maana hutumika sukari, ambayo pia huzuia seli zisinyonye maji hadi kupasuka. Na kwa kuwa elektrodi huachana kwa makumi ya mikromita tu (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), volti chache hutosha.