Meno mangapi mbele, mangapi nyuma: kuchagua sproketi za bodaboda

Kabla ya kwenda dukani, hesabu meno ya sproketi (vile vigurudumu vya meno vinavyobeba cheni, kimoja mbele kwenye injini na kimoja nyuma kwenye tairi) zilizopo kwenye pikipiki yako. Usiamini ya mwenzako mwenye pikipiki kama hiyo. Kama uliinunua mkononi, huenda fundi wa mwanzo alifunga alichokikuta dukani siku hiyo. Gawa meno ya nyuma kwa ya mbele. Nyuma 42, mbele 15, unapata 2.8. Namba ikipanda, pikipiki inavuta zaidi ila mwendo wa kila gia unapungua.

Ukipunguza jino 1 mbele (14 kwa 42) unapata 3.0. Ukiongeza meno 3 nyuma (15 kwa 45), ni 3.0 ileile. Mwendo ukiwa uleule, injini itazunguka zaidi kwa asilimia 7 hivi.

Anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto na mzigo, au anayepakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja (trafiki wasisikie), anaihitaji hiyo 3.0. Dalili ni kwamba hata gia ya 1 huwezi kuondoka bila kuichezea klachi, na pleti za klachi zinaungua mapema. Wa barabara ndefu tambarare, kama Chalinze hadi Segera, abaki na 2.8 au ashuke kidogo. Lakini wapo wanaofunga sproketi ndogo nyuma wakitafuta spidi, halafu gia ya 5 inashindwa kuvuta mbele ya upepo na wanarudi ya 4. Hapo umenunua hasara. Kama gia ya mwisho haivuti sasa hivi, ukishusha namba ndiyo itazidi kuchoka.

Anza kujaribu na sproketi ya mbele: ni rahisi na cheni ileile kwa kawaida inatosha, ekseli ya tairi la nyuma ikirudi nyuma milimita 3 hivi. Ubaya wake ni kwamba cheni inajikunja zaidi kwenye sproketi ndogo, kwa hiyo inachakaa mapema. Ukishaona 3.0 inakufaa, seti ijayo nunua yenye meno mengi nyuma. Meno 3 ya ziada yanasogeza ekseli mbele karibu milimita 10. Nafasi isipokuwepo, utahitaji cheni ndefu zaidi.

Namba ya cheni nayo inapotosha wengi. 420 na 428 zina hatua moja, milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, lakini upana ni tofauti. Cheni ya 428 ikiwa juu ya sproketi ya 420 itakaa, ila itacheza kushoto na kulia na kuyala meno.

Cheni ya zamani ipime kwanza: hatua 20, katikati ya pini hadi katikati ya pini, ni milimita 254 ikiwa mpya. Ikifika 259, usiifunge kwenye sproketi mpya, itaiharibu. Badilisha vyote vitatu pamoja: cheni na sproketi zote mbili.

Bolti za sproketi ya mbele zilegeze cheni ikiwa bado imefungwa, mtu akikanyaga breki ya nyuma. Ukirudisha kilipu inayofunga kiungo cha cheni, upande usio na mwanya uelekee cheni inakokwenda. Kisha zungusha tairi taratibu utafute sehemu cheni inapokaza zaidi, na hapo ndipo upime ulegevu, yaani cheni inavyopanda na kushuka. Pikipiki nyingi ndogo hutaka milimita 20 hadi 30. Rudia kipimo baada ya siku ya kwanza ya kazi.