Maswali na Majibu: Kuiamuru espeak-ng kutoka terminali

Maswali ya safari hii yote yanahusu espeak-ng, programu huria inayogeuza maandishi kuwa usemi, ambayo inajua Kiswahili na ambayo watumiaji wa kisoma skrini cha NVDA wameizoea.

Swali: Sauti inasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kizungu, tena kwa haraka. Nifanyeje?

Jibu: Usipoitajia lugha, hutumia Kiingereza. Andika hivi:

espeak-ng -v sw -s 140 "Habari za asubuhi"

Swichi ya -s hupanga kasi kwa makadirio ya maneno kwa dakika, ambayo kwa kawaida ni 175. Kwa masikio yangu, tangazo la Kiswahili hueleweka vizuri zaidi kati ya 130 na 145. Kidatu hubadilishwa kwa -p, kuanzia 0 hadi 99, na ukubwa wa sauti kwa -a, kuanzia 0 hadi 200. Huo wa mwisho usiupandishe ovyo, kwani spika ndogo hukwaruza.

Swali: Niliandika espeak-ng -v sw ng'ombe amepotea, nikaona alama ya > tu na kimya. Je, kompyuta imeganda?

Jibu: Haijaganda, inakungoja wewe. Amri husomwa kwanza na sheli, yaani programu inayopokea amri zako kwenye terminali, kabla ya kuifikia espeak-ng, na sheli hiyo haijui ng'ombe wala ng'ambo: ikiiona ritifaa, huichukua kuwa mwanzo wa nukuu, kisha husubiri ritifaa ya pili ya kuifunga, ambayo haitakuja. Bonyeza Ctrl+C, uanze upya na kuyazungushia maneno alama za nukuu za mbilimbili: "ng'ombe amepotea".

Swali: Ninaandaa tangazo la msiba. Nitawekaje kituo kabla ya jina la marehemu, na jina lenyewe lisomwe taratibu?

Jibu: Kwa kazi hiyo kuna lebo za SSML, yaani alama za kuielekeza sauti namna ya kusoma, ambazo huandikwa ndani ya maandishi yenyewe. Lebo ya <break time="700ms"/> huleta kimya cha milisekunde 700, na jina likiwekwa kati ya <prosody rate="slow"> na </prosody> husomwa polepole. Tatizo ni kwamba lebo zina nukuu za mbilimbili ndani yake, na ukizifunika kwa nukuu za mojamoja ili kuzilinda, yule ng'ombe wa swali lililotangulia anarudi. Kwa hiyo mimi huyaweka maandishi yote kwenye faili, ambako sheli haiyagusi kabisa:

espeak-ng -v sw -m -f tangazo.txt

Usiisahau -m, kwa kuwa bila hiyo lebo huhesabiwa kuwa sehemu ya maneno ya kusomwa. Kama unataka nafasi kati ya maneno yote, SSML haihitajiki. -g 5 huongeza takriban milisekunde 50 kila mahali katika kasi ya kawaida.

Swali: Je, spd-say, amri nyingine ya kusomesha maandishi kwenye Linux, nayo inapokea -s 140?

Jibu: Hapana. Huko kasi ni -r, na kipimo chake huanzia -100 hadi 100, sifuri ikiwa ndiyo kawaida. Jaribu spd-say -l sw -r -20. Uzuri wake ni kwamba spd-say -S, hata ikiandikwa katika dirisha jingine, huikatiza sauti.

Swali: Nitaihifadhije sauti niitume kwa simu?

Jibu: Ongeza -w tangazo.wav. Hutasikia chochote amri inapotekelezwa, kwa sababu usemi wote unaingia kwenye faili.