Kuishiwa nguvu kilomita ya 30 si upungufu wa imani

Msomaji mmoja ameandika baada ya marathoni yake ya kwanza, kule Moshi. Aliomba sana, akafunga siku ya mwisho, akaanza mbio akijiambia kwamba hakuna kitakachomshinda. Kwenye mwinuko wa kuelekea Mweka miguu ikagoma, akamalizia kwa kutembea. Kilichomuuma zaidi ni kauli ya wenzake wa kikundi: imani yako ilikuwa haba. Kauli hiyo ni ya kikatili, tena si ya kweli.

Tuanze na hesabu. Mkimbiaji hutumia takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita. Mwenye kilo 65 atahitaji zaidi ya 2,700 ili amalize kilomita 42.195. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, hata kwa mtu aliyekula vizuri, hutoa kama 2,000 hivi. Mafuta ya mwilini husaidia, lakini mwili huyatumia taratibu mno kwa kasi ya mashindano. Ndiyo maana wengi huishiwa kati ya kilomita ya 30 na ya 35. Aliyefunga siku ya mwisho ameanza na akiba pungufu, na kuomba zaidi kusingeijaza. Ukitaka kufunga kwa ajili ya mbio, funga wiki mbili kabla. Siku mbili za mwisho ni za wali, ugali, viazi na ndizi. Asubuhi yenyewe, masaa 3 kabla ya kuanza, kunywa uji au chai ya sukari na mkate. Njiani upate gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, kuanzia dakika ya 30 au 40, usingoje njaa.

Sasa imani na fikra njema zina kazi gani? Kubwa sana, ila zina mahali pake. Uchovu wa mbio ndefu hauko kwenye misuli tu; akili ndiyo inayopima ugumu na kuamua kama inafaa kuendelea. Utafiti mmoja wa 2014 uliwapima watu kwenye baiskeli: waliojifunza kujisemesha maneno ya kujitia moyo kwa wiki mbili walidumu kwa asilimia 18 zaidi kwenye mzigo uleule. Zingatia hizo wiki mbili. Neno la kutia moyo hufanyiwa mazoezi kama miguu inavyofanyiwa. Usilolizoea hulikumbuki kilomita ya 33, wakati hata jina la mtaa wenu linakuponyoka.

Andaa maneno kwa ajili ya vipande vitatu vya mbio. Kilomita 10 za mwanzo ni za kujizuia: "Subiri, bado." Hapa ndipo imani isiyotazama saa huangusha watu. Umati unashangilia, mwili ni mwepesi, mtu anakimbia kila kilomita kwa sekunde 15 pungufu ya alivyofanya mazoezi na kudhani amebarikiwa. Kuanzia hapo hadi ya 30, jiamrishe mambo ya mwili: shusha mabega, legeza vidole, fupisha hatua mlimani. Jiite kwa jina, useme "unaweza" badala ya "naweza"; wengi huitii zaidi sauti inayowaamuru kama ya kocha. Sala ndefu weka akiba kwa mwisho, na uifupishe ilingane na pumzi: vuta hatua tatu, toa hatua tatu. Mkristo ana "watapiga mbio, wala hawatachoka". Mwislamu ana "Subhanallah". Jaribu hayo kwenye kilomita 5 za mwisho za mazoezi marefu ya kilomita 28 hadi 32, yakikukwama pumzi ubadilishe.

Usijidanganye kwa "sichoki". Mwili utakukanusha kwenye mlima wa kwanza, na ukishakanushwa mara moja hutaamini neno jingine lolote unalojiambia. Sema "nimechoka, na bado nakimbia". Hilo ni kweli, na ukweli hauporomoki.

Wengi huvaa fulana zenye usemi wa Eliud Kipchoge kwamba hakuna binadamu mwenye mpaka. Vizuri. Lakini kule Monza, Italia, mwaka 2017 alipojaribu kumaliza marathoni chini ya saa mbili, alikosa kwa sekunde 26 hivi, akatumia 2:00:25. Vienna mwaka 2019 akatumia 1:59:40. Sidhani kwamba imani ndiyo iliyoongezeka katikati. Vienna alikuwa na wakimbiaji 41 wa kupokezana kumwongoza na kumkinga upepo, na barabara iliyochaguliwa kwa unyoofu wake. Mtanzania Alphonce Simbu naye alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025 kwa 2:09:48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros, wakatenganishwa kwa picha ya mstari wa mwisho. Hatua zile za mwisho zilihitaji moyo, lakini shaba yake ya dunia ilikuwa ya 2017, miaka 8 ya kazi nyuma yake.

Kwa wanaofunga Ramadhani: mbio nyepesi za dakika 40 zimalizike karibu na futari ili maji yawe jirani, na mazoezi ya kasi yasogezwe baada ya tarawehe. Mazoezi marefu ya kilomita 30 yangoje Shawwal, mwezi unaofuata.

La mwisho, kusimama si kukosa imani. John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 na goti lililofungwa bendeji, na heshima yake haitafutika, lakini ile ilikuwa Olimpiki, si Jumapili ya mazoezi. Misuli yote ikiwaka moto, endelea. Maumivu yakichoma sehemu moja, yakazidi kila hatua, ukaanza kuchechemea, simama. Kwenye ugoko inaweza kuwa ufa wa mfupa. Kifua kikibana, ukisikia baridi juani au ukachanganyikiwa, kaa chini na umwite mtu wa huduma ya kwanza. Ukiamka na homa siku ya mbio, usianze kabisa. Nenda kapime malaria.