Sandwichi ya Limburger: umri wa jibini kwanza, mengine baadaye

Jibini ya Limburger inanuka miguu, na huo si utani. Ganda lake huoshwa kwa maji ya chumvi yenye bakteria Brevibacterium linens, ndugu wa karibu wa wale wanaoishi katikati ya vidole vya miguu yetu. Hata mbu wa malaria, Anopheles gambiae, huvutwa na harufu hiyo. Watafiti walilithibitisha mwaka 1996. Ila ulimi ukionja, utaona pua ilitia chumvi.

Walowezi wa Kijerumani na Kiswisi ndio walioizoesha Wisconsin, Marekani, sandwichi hii. Mjini Monroe bado inaliwa, na ushirika wa Chalet wa huko ulibaki kwa miaka mingi mtengenezaji pekee wa Limburger nchini humo.

Wengi hukosea tangu dukani. Jibini ya mwezi mmoja ni ngumu, inavunjikavunjika, haina makali. Ya miezi miwili imelainika hadi katikati: anza na hiyo. Ikipita miezi mitatu inapakika kama siagi, na hiyo ni ya waliokwisha zoea. Ikikuchoma pua kama amonia na ulimini ni chungu, itupe.

Ikate ikiwa bado na baridi ya friji, maana ikipata joto hung'ang'ania kisu. Anayeila kwa mara ya kwanza aondoe ganda lote, kwa kuwa harufu nyingi iko hapo. Kisha iache nje nusu saa.

Chukua slesi mbili nene za mkate mweusi wa rai, nafaka inayofanana na ngano. Mkate mweupe hulowa na kukatika mkononi. Paka kijiko kimoja cha chai cha haradali ya punje, isiyo na sukari, kwa sababu ukali wake ndio unaokata mafuta. Panga gramu 60 za jibini, halafu duara moja la kitunguu kibichi, unene wa nusu sentimeta. Kitunguu kikiwa kikali mno, kiloweke maji baridi dakika kumi, ukikaushe vizuri. Usikiache: bila mkwaruzo wake unabaki na mafuta na chumvi tu.

Usiipashe moto, labda kama umegombana na majirani. Kwa kawaida huteremshwa na bia. Chai ya rangi isiyo na sukari nayo inafaa.

Inayobaki ifunge kwa karatasi, uiweke kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana. Kopo la plastiki hunywa harufu hiyo, na hata ulisugue vipi haitoki.